Tambi za mkono si anasa, wadau!

Najua nimepotea, si mnazijua shifti za usiku. Leo sina habari za visa wala mishahara, nataka tuongee habari za tumbo. Hoja yangu ni hii: sisi tunaofanya kazi ughaibuni tuache kula kama abiria. Mimi nimeanza na tambi, tena za kukanda mwenyewe kwa mikono yangu.

Mtacheka, lakini sikilizeni kwanza yaliyonikuta.

Usiku mmoja wodini nilikuwa na mzee mmoja ambaye presha yake ilikuwa juu. Nikampa somo la chumvi kama nilivyofundishwa Muhimbili nikisomea digrii yangu. Nikamwambia Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikie hata miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani chumvi isiyojaa kijiko kimoja cha chai. Mzee wa watu akaitikia kwa adabu. Saa tisa usiku nikaenda kula tambi zangu za pakiti, zile za kumwagia maji ya moto. Sijui nini kilinituma kugeuza pakiti nisome nyuma. Miligramu 1,500 na ushei, na usiku ule nilikuwa kwenye pakiti ya pili! Nikajipima: 144 kwa 92. Kipimo kimoja hakitoshi, kwa hiyo nikarudia siku tatu tofauti. Hali ileile. Nina miaka 34.

Na mama akipiga simu kutoka Tanga akauliza, "Umekula nini mwanangu?" mimi hujibu wali na samaki. Uongo mtupu jamani.

Kwa nini tunajifanyia hivi? Kwa sababu tunajiambia hapa tunapita tu. Pesa ni ya nyumbani: ada za wadogo zetu, kiwanja, bati, dawa za wazee. Ukinunua mwiko unajiona umefuja. Mimi mwaka wa sita huu, bado "napita tu"!

Kilichonizindua zaidi ni Idi. Mwenzetu mmoja wa kazini, mwenyeji wa hapahapa, alituletea balaleet. Kwa wasioijua, ni tambi nyembamba za sukari, iliki na zafarani, juu yake yamelazwa mayai ya kukaanga. Nilipotia kijiko cha kwanza nikanyamaza. Ukitoa yale mayai na ukaongeza nazi, ni tambi zetu za futari kabisa. Kumbe chakula ninachokililia kipo mpaka huku, ila sikuwa nimeingia jikoni kukitafuta.

Basi siku yangu ya mapumziko, hapa Mirdif tunapopanga wauguzi watatu, nikafungua kabati. Nikakuta unga wa ngano, mayai, kibao na mti wa kusukumia chapati. Pasta ya Kiitaliano ya mayai inataka nini zaidi ya hapo? Hesabu yake ni nyepesi: gramu 100 za unga kwa yai moja, na mlaji mmoja anashiba. Unakanda dakika kumi mpaka donge liwe laini, unalifunika nusu saa lipumzike, maana bila hivyo unasukuma na lenyewe linajirudi. Unasukuma jembamba kuliko chapati, unanyunyiza unga, unakunja, unakata kwa kisu. Waitaliano wanaziita tagliatelle, yaani za kukatwa. Kwenye maji yanayochemka ni dakika mbili tatu tu, zimeiva. Mara ya kwanza kiyoyozi kilinikaushia donge likapasuka kingo zote. Sasa nalifunika kwa kitambaa kibichi.

Juu yake natia nyanya, vitunguu saumu na pilipili. Siku nyingine tui la nazi na samaki. Chumvi naitia mwenyewe, naiona kwa macho yangu.

Najua mtaniambia: "Dada, si ununue pasta kavu ya dukani, nayo haina chumvi?" Ni kweli, na siku za shifti naipika hiyohiyo. Ubaya upo kwenye kile kipakiti cha viungo vya tambi za haraka. Lakini pasta kavu unaweza kuichemsha huku umevaa viatu, macho kwenye simu. Donge halikubali hivyo, linataka ukae. Siku ile ya kwanza mwenzangu Mkenya alisikia kibao kinagonga akatoka chumbani kuuliza kulikoni. Akashika kisu. Mfilipino wetu akaja na sufuria. Tumeishi nyumba moja miaka miwili, na ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kula sahani moja!

Wengine mtasema hamna muda. Mimi pia nilisema hivyo, huku nikimaliza saa nzima kitandani natazama video za watu wengine wakipika.

Siwadanganyi kwamba tambi zimenitibu. Nimemwona daktari, nimeacha zile pakiti, natembea Mushrif Park. Kipimo cha juzi kilikuwa 136 kwa 86, na bado ninafuatilia. Wewe unayesoma hapa, hasa uliye mbali na kwenu, jipime wiki hii. Kisha nunua mwiko.

Mama nilimwonyesha kwenye simu. Akatazama wee, akasema, "Hizo si chapati umezikatakata?" Nikamwambia ndiyo mama, ndizo. Lakini safari hii alipouliza nimekula nini, nilimjibu kweli.

Hapa Mirdif ndege zinapita juu ya paa letu usiku na mchana. Abiria ni wale walio kule juu. Sisi tumeshashuka jamani, tupike.

Kazi kwenu wadau!