Nyonga ikivunjika, misuli nayo ipimwe

Mama mzee anateleza kwenye matope asubuhi, kwenye mtelemko wa Bukavu, bidoni ya maji mkononi. Hakugongwa na pikipiki wala hakutoka juu ya mti. Alikuwa amesimama tu, akaanguka, nyonga ikavunjika. Hospitalini familia inaambiwa itafute pesa ya upasuaji. Ni mara chache mtu anauliza kwa nini mfupa huo umevunjika kwa urahisi namna hiyo.

Kwa mtu aliyepita miaka 50, nyonga inayovunjika kwa kuanguka kwa kawaida ni alama kwamba mifupa ilikuwa imekwisha kudhoofika zamani. Mwaka 1994 OMS iliweka kipimo cha ugonjwa huo, ostioporozi, na mashine yake inaitwa DXA. Familia ya Masisi au ya Fizi haitaikuta karibu na nyumbani. Lakini muganga hana haja ya kuingojea: kuvunjika kwenyewe kunatosha kumfanya aanze kutibu mifupa, kabla nyonga ya pili haijafuata.

Kinachosahauliwa zaidi ni misuli. Kwa kawaida mzee hupimwa kwa kuinuka kwenye kiti mara 5 bila kujisaidia kwa mikono. Nani atamwomba hivyo mtu aliyevunjika nyonga? Ndiyo sababu hupimwa nguvu za mkono, akiwa kitandani, akikamua kifaa kidogo kinachoingia katika mfuko. Wataalamu wa Ulaya wanahesabu kuwa ni dhaifu mwanamke asiyefikisha kilo 16 na mwanaume asiyefikisha kilo 27. Namba hizo ni za watu wa kule, waganga wa hapa wazitumie kwa akili. Utepe wa fundi cherehani nao unasaidia kupima shavu la mguu, ila uwe mguu mzima, kwani ule uliovunjika huvimba na kudanganya.

Faida iko wapi? Kila siku ya kulala inakula misuli. Mzee aliyeonekana dhaifu tangu siku ya kwanza ndiye wa kusimamishwa mapema na kinezi baada ya upasuaji. Na kwa kuwa ni familia inayoleta chakula, iambiwe wazi: bugali na mchuzi mtupu havitoshi, alete sambaza, mayai, maharagwe.

Kuna pia wale waliokwisha kupasuliwa lakini wanazuiliwa hospitalini kwa sababu ya deni, wamelala majuma mazima. Deni hilo linakula miguu yao pia, na hakuna faktire inayoandika hasara hiyo.

Wakubwa wa afya katika majimbo wanaweza kuamuru jambo moja bila kungoja wafadhili: kila fishi ya mzee aliyevunjika nyonga iwe na mistari miwili, nguvu ya mkono na unene wa shavu la mguu, ijazwe siku anapopokelewa na siku anaporudi nyumbani.