Anayeonekana Siye Anayepiga

Kuna imani iliyokita mizizi katika muziki wetu, na wanaoirudia ni mapromota, watangazaji na hata wanamuziki wenyewe: wimbo bila video haujatoka, na msanii asiyeonekana kwenye skrini hayupo. Kijana akishamaliza kurekodi, swali la kwanza analokutana nalo ni nani atamshutia video. Gitaa lilipigwaje, na nani kalipiga, hakuna anayetaka kujua. Nasema imani hii ni ya uongo, na inawala wanamuziki wetu. Shahidi wangu ni Mbrazili mmoja ambaye gitaa lake limesikika karibu kila pembe ya dunia, ilhali wengi waliolisikia wakipishana na picha yake hawataitambua. Jina lake ni Luiz Bonfá.

Bonfá alizaliwa Rio de Janeiro tarehe 17 Oktoba 1922. Familia yake iliishi Santa Cruz, pembezoni kabisa mwa jiji upande wa magharibi, enzi ambazo huko bado kulikuwa shamba. Mwalimu aliyemtaka, Isaías Sávio kutoka Uruguay, alikaa mbali, juu kwenye vilima vya Santa Teresa. Kila wiki kijana huyo alikaa kwenye treni kwa saa mbili na nusu, kisha akamalizia njia kwa miguu. Ada hakuwa nayo. Sávio alipoona bidii na kipaji chake, akakubali kumfundisha bila malipo. Huko ndiko Bonfá alikopatikana, kwenye masomo ambayo hakuna aliyeyapiga picha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akisikika Rádio Nacional, na redio, chombo kisichoonyesha sura ya mtu, ikampeleka majumbani mwa Wabrazili.

Watetezi wa skrini watanijibu haraka: lakini dunia ilimjua kwa sinema. Ni kweli, na ndiyo maana nataka tuitazame sinema yenyewe. Mwaka 1959 Mfaransa Marcel Camus alitoa Orfeu Negro, kutokana na tamthilia ya Vinicius de Moraes iliyopandishwa jukwaani Rio mwaka 1956. Filamu ilishinda Palme d'Or huko Cannes, kisha ikachukua Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Shujaa wake, Orfeu, ni dereva wa tramu ambaye watoto wa mtaani wanaamini kwamba gitaa lake ndilo linalolichomoza jua. Aliyemwigiza ni Breno Mello, mcheza mpira. Anapofungua kinywa kuimba, sauti ni ya Agostinho dos Santos. Gitaa linapolia, vidole ni vya Luiz Bonfá. Watu watatu wanamjenga mwanamuziki mmoja wa kwenye pazia, na anayeonekana ndiye asiyetoa hata noti moja. Kama skrini ndiyo inayomfanya mtu kuwa mwanamuziki, basi Breno Mello angekuwa bingwa wa gitaa wa Brazil.

Kuna jingine ndani ya habari hiyo linalostahili kukumbukwa. Bonfá alipomletea Camus wimbo wa Manhã de Carnaval, ambao maneno yake yaliandikwa na Antônio Maria, mwongozaji aliukataa. Bonfá akatunga mwingine, akauona hafifu, akarudi kuupigania ule wa kwanza mpaka Camus akakubali. Mtu wa picha hakuisikia dhahabu aliyowekewa mezani. Aliyejua thamani yake ni mtu wa nyuzi, na laiti angenyamaza kwa kumwogopa mwenye kamera, leo tusingekuwa na wimbo huo.

Sasa tazama kilichozipata picha zile. Wabrazili wengi walizilalamikia, wakaona zimewageuza watu maskini wa vilimani kuwa mapambo ya watalii. Caetano Veloso ameandika jinsi filamu ile ilivyowatia aibu yeye na wenzake walioiona Brazil isiyokuwa Brazil. Barack Obama, mtoto wa baba Mkenya, anasimulia katika kitabu chake Dreams from My Father jinsi mama yake, aliyeipenda filamu hiyo tangu akiwa msichana, alivyompeleka kuitazama New York. Katikati ya onyesho kijana akatamani kutoka, kwa namna watu weusi walivyochorwa kama watoto wadogo. Picha zikazeeka na kuzua ugomvi.

Muziki haukuzeeka. João Gilberto aliuimba Manhã de Carnaval. Frank Sinatra akaurekodi mwaka 1969 kwa maneno ya Kiingereza. Wapiga jazi wameufanya kuwa wimbo ambao kila anayejifunza kazi hiyo sharti aujue. Leo unaweza kuusikia ukipigwa na mtu ambaye hajawahi kuiona filamu hata dakika moja, na wimbo haupungukiwi na kitu.

Anayetaka kuelewa kwa nini, aisikilize santuri ambayo Bonfá aliirekodi mwaka huohuo wa 1959 na fundi wa sauti wa Kimarekani Emory Cook, iliyotolewa upya na Smithsonian Folkways mwaka 2005 kwa jina la Solo in Rio 1959. Yuko peke yake na gitaa la nyuzi za nailoni. Kidole gumba kinashika besi kwa mwendo usioyumba, vidole vya kati vinajaza kodi, na juu yake sauti ya wimbo inapita laini kana kwamba inaimbwa na mtu wa tatu. Katika Marcha Escocesa anaiga gwaride la Waskoti. Anazivuta nyuzi mbili nene zikapandana, akizigonga zinakwaruzana na kutoa mlio mkavu wa ngoma ndogo ya bendi ya jeshi, huku muziki ukiendelea juu yake. Fumba macho, utaapa kwamba wapigaji ni wawili. Hakuna skrini inayoweza kumkopesha mtu mkono wa namna hiyo.

Baadaye televisheni ilimwita. Alikuwamo katika onyesho la bossa nova, muziki wa Kibrazili, la Carnegie Hall mwezi Novemba 1962, akarekodi na Stan Getz santuri ya Jazz Samba Encore!, na Wamarekani wakamwona sebuleni mwao katika kipindi cha Perry Como. Sikatai kwamba kamera ilimsaidia kupata kazi. Lakini fuateni mpangilio: kamera ilimkuta amekwisha kamilika. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tumewafundisha vijana kujitembeza kabla hawajawa na cha kuuza.

Bonfá alifariki Rio tarehe 12 Januari 2001. Miaka kumi baadaye, Gotye wa Australia alitoa Somebody That I Used to Know. Karibu kila mwenye simu aliiona video yake, mtu aliyesimama mwili ukipakwa rangi hadi kufanana na ukuta. Wimbo ulikaa wiki nane kileleni mwa chati za Marekani na mwaka 2013 ukapata Grammy ya rekodi ya mwaka. Gitaa dogo linalojirudia tangu mwanzo wake limekatwa kutoka Seville, kipande ambacho Bonfá alikirekodi mwaka 1967. Katika video yote hayumo. Kwenye orodha ya watunzi yumo, jina kamili, kwa hiyo kila wimbo ule unapopigwa, mrabaha una fungu la upande wake. Uso ulikwisha kuzikwa, lakini karatasi ya hakimiliki bado inafanya kazi.

Kwa hiyo sitaki tena kusikia kwamba mwanamuziki ni yule anayeonekana. Nimechoka kuona vijana wakikopa wakodi magari ya kifahari na nyumba za watu kwa siku moja ya kushuti, huku gitaa la kwenye wimbo limebandikwa kutoka kwenye kompyuta kwa kuwa fedha ya kumlipa mpigaji imeisha. Nimechoka na watayarishaji wanaotaja jina la mpiga picha mwanzoni mwa video na kumsahau mpiga besi. Huku ni kumnyang'anya mtu jasho lake, na haijalishi kwamba kila mtu anafanya hivyo.

Kijana, shilingi ya kwanza ya kazi yako ipeleke kwa mwalimu na kwenye chombo chako. Ya pili iandikishe nyimbo zako kwa jina lako, kabla hujasaini karatasi ya mtu yeyote. Watangazaji, mtajeni hewani mpiga gitaa, kila mara, kama mnavyomtaja mwimbaji. Watayarishaji, waandikeni wote waliopiga. Mambo hayo yakishatimia, kamera ije, na ilipwe kwa fedha itakayobaki.