Fomula Bila Sharti ni Uzuri wa Mkakasi

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo hunijia kila nisahihishapo mitihani ya wanafunzi wanaozijua fomula zote, lakini wasiouliza ni wakati gani zinafaa.

Tuchukue duara lenye nusukipenyo 1 katika bapa la namba changamano. Tumepewa funksheni endelevu kwenye mzingo peke yake. Je, yaweza kuendelezwa hadi ndani ikawa holomofiki, yaani yenye derivativu changamano katika kila nukta ya ndani, na ikaribiapo mzingo irejee kwenye thamani zilezile?

Wengi hukimbilia fomula ya Cauchy, Mfaransa wa karne ya 19. Hebu tuipime. Kila nukta z ya mzingo tuipe thamani 1/z. Mzingoni hakuna mkatiko wowote. Fomula hutoa jibu bila kusita: 0 kila mahali ndani. Lakini mzingoni kila thamani ina ukubwa wa 1! Jibu limepatikana, ila si jibu la swali lililoulizwa.

Sharti lenyewe ni bayana. Zidisha funksheni hiyo kwa zⁿ, kwa kila n kuanzia 0, kisha tafuta intigrali kuuzunguka mzingo. Kila mara ni lazima upate 0. Kwa 1/z, hatua ya kwanza tu yatosha kuiangusha, kwani intigrali yake ni 2πi. Ukilegeza dai, ukaridhika na mwendelezo wa hamoniki, kila funksheni endelevu ya mzingoni hupita. Sharti likishushwa, hakuna anayefeli.

Hapo ndipo hisabati inapogusa maisha ya umma. Mitihani yetu humtuza aliyekokotoa vizuri, hata kama hakuthibitisha kuwa alistahili kukokotoa. Kesho huyo ndiye mhandisi wa daraja letu na mchumi wa bajeti yetu, naye ataleta tarakimu nadhifu ambazo misingi yake hakuihoji mtu.

Napendekeza jambo moja kwa walimu wenzangu: kila mtihani uwe na swali ambalo jibu lake sahihi ni "haiwezekani", na alama zote zitolewe kwa hoja. Msomi asiyeweza kuthibitisha kwamba jambo haliwezekani, tutamwaminije anapotuambia kuwa linawezekana?