Taksiri ya Ralph

Katika riwaya yake Lord of the Flies, iliyotoka mwaka 1954, William Golding, mwalimu wa shule aliyepata kupigana Vita vya Pili vya Dunia katika jeshi la majini la Uingereza, amemsawiri Ralph, mtoto wa miaka 12 na miezi kadhaa, aliyechaguliwa kuwaongoza wavulana wenziwe kisiwani pasipo mtu mzima hata mmoja. Sisi twaona kwamba taksiri yake ya awali haikuwa ukatili bali huruma: kwa kutaka kumliwaza Jack, aliyeshindwa katika uchaguzi, alimwachia kundi lake la waimbaji, nao wakageuka wawindaji wenye mikuki na nyama ya kugawa, hali yeye Ralph hana ila kombe la baharini la kuitia baraza na moto wa kuashiria meli. Usiku wa tufani, wavulana walipomwua mwenzao Simon katika wazimu wa ngoma, Ralph naye alikuwamo; walakini kulipokucha, wakati Piggy, mwenye akili kuliko wote, alipotafuta udhuru wa giza na hofu, yeye alikiri kuwa yale yalikuwa mauaji. Ungamo hilo watawala wangapi wenye mvi wamelitoa?