KILA KAZI NA MPANGO WAKE

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi ramani za ujenzi hutunzwa katika kompyuta, na kontrakta huandika mpango: nani atoe ramani, nani aikague, na itamfikiaje fundi. Hilo ni jema. Ubaya ni kunakili mpango wa kazi nyingine na kubadili jina tu.

Barabara kuu ya Nairobi hadi Thika, iliyojengwa 2009 hadi 2012, ilikuwa na makontrakta watatu. Mpango wa kazi kama ile wamfaa nini anayejenga nyumba ya gorofa nne Ruiru, kwa mnyapara mmoja na simu moja? Hata kanuni za kimataifa ISO 19650, za mwaka 2018, zataka mpango ulingane na ukubwa wa kazi.

Mpango usipofaa, ramani mpya hulala ofisini na fundi hujenga kwa ya zamani. Ukuta ukibomolewa, mshahara wa nani hukatwa? Wetu.

Basi twadai: mnyapara na mafundi waulizwe kabla mpango haujaandikwa, ramani mpya ibandikwe mahali pa kazi, ya zamani iondolewe. Nawe ndugu, kabla ya kushika mwiko, uliza tarehe ya ramani.

Umoja ni nguvu.