Waitwe Ubaoni

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi wa uhandisi anayesomea uzamivu hukutana na mtihani ambao hata waliofaulu hawapendi kuukumbuka. Shahada ya kwanza anayo, mara nyingi na ya uzamili. Chuo kimeshampokea na masomo ameshayaanza. Hata hivyo, katika mwaka wa kwanza au wa pili anaitwa mbele ya maprofesa kadhaa, anapewa chaki, na kuulizwa mambo aliyodhani ameyamaliza zamani: joto linavyopita kwenye ukuta, maji yanavyokwenda ndani ya bomba, chuma kinavyopinda kabla ya kukatika. Akishindwa, kwa kawaida hupewa nafasi ya pili. Akishindwa tena, safari yake ya udaktari imeishia hapo.

Toleo hili linazungumzia mitihani ya namna hiyo, na nimeamua kulifungua kwa habari za Kenani, mahali pasipo na chuo kikuu. Nina sababu.

Kenani iko wilaya ya Nchelenge, mkoa wa Luapula, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017 Wakongo waliokimbia mapigano ya mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika walipokelewa huko, na mwanzoni mwa 2018 wakaanza kuhamishiwa makazi mapya ya Mantapala, katika wilaya hiyohiyo. Kiswahili ni lugha yao ya njiani na ya sokoni. Tumezoea kuwaona pichani wakiwa na magodoro na masufuria, na picha haisemi nani alisomea nini. Ng'ambo walikotoka kuna wasomi. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilianzishwa mwaka 1955, na kitivo chake cha politekniki kimetoa wahandisi wa madini na uchenjuaji kwa miaka mingi. Karibu na mji wa Kilwa, ule wa Kongo unaotazamana na Nchelenge, kulikuwa na mgodi wa shaba na fedha wa Dikulushi, uliofunguliwa mwaka 2002.

Sasa tuseme mhandisi mmoja wa Lubumbashi anaamka usiku, bunduki zinalia, anabeba watoto. Diploma inabaki ndani ya sanduku, na nyumba inachomwa. Baada ya miaka michache makazini, anataka kurudi shule afanye utafiti wa uzamivu. Mlangoni ataombwa cheti, hati ya matokeo, na barua ya chuo kuthibitisha vyote viwili. Hata angeviokoa, bado angekuta ubishi mwingine: miaka mitano ya ile ingénieur civil ya mtindo wa Kibelgiji ihesabiwe shahada ya kwanza ya Kiingereza, au ya uzamili? Na ile DEA, ambayo Kongo ndiyo iliyokuwa kizingiti cha tasnifu ya udaktari, iwekwe daraja gani? Kabla ya yeyote kumuuliza swali moja la uhandisi, mwaka umekwisha.

Hoja yangu iko hapa. Mtihani wa kustahili uzamivu ulizaliwa na shaka juu ya karatasi. Profesa anayemwita ubaoni kijana mwenye shahada mbili anamwambia waziwazi: vyeti vyako nimeviona, na havijanitosha. Basi kama cheti kilichopo hakitoshi kuthibitisha ujuzi, kwa nini kile kilichoungua kitoshe kuukanusha? Shaba inapofika kwa mnunuzi hupelekwa maabara, sampuli ikapimwa, na asilimia ikaandikwa. Mgodi uliofilisika au uliotekwa hauipunguzii shaba hiyo thamani.

Sheria haituzuii. Zambia ilijiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 mwaka 1969. Aya ya pili ya kifungu cha 22 inataka mkimbizi apewe nafasi nzuri kadiri iwezekanavyo katika elimu iliyo juu ya shule ya msingi, ikiwemo kutambuliwa kwa vyeti vya nje na kupunguziwa ada. Zambia iliweka masharti yake kwenye aya ya kwanza ya kifungu hicho, ile ya shule za msingi. Aya ya pili iliiacha kama ilivyo. Huwa najiuliza ni wakuu wangapi wa vitivo wamewahi kuisoma.

Tena jambo hili si geni kwa Lusaka. Mwaka 2019 UNESCO ilianza kuijaribu nchini Zambia pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi, pamoja na mamlaka ya sifa za elimu, ZAQA, kwa utaratibu uliotokana na uzoefu wa Norway. Mwombaji hujaza fomu, huleta alichonacho, kisha huketi na wakaguzi wa vyeti wakamhoji: ulisoma wapi, somo lile lilifundishwaje, tasnifu yako ilihusu nini. Ni kazi nzuri. Udhaifu wake ni kwamba pasipoti hiyo haimpi mtu haki ya kuingia chuoni, na mkaguzi wa vyeti si mhandisi. Anaweza kutambua kwamba mtu alipita Lubumbashi, lakini hawezi kujua kama bado anaweza kukokotoa msukumo wa maji kwenye bwawa. Hiyo ni kazi ya Chuo Kikuu cha Zambia na cha Copperbelt.

Wapo watakaosema tunafungulia mlango matapeli. Hofu hiyo naiheshimu, maana daraja likianguka halimwonei mtu huruma, na sheria ya 2010 inafanya vyema kumkataza asiyesajiliwa na Taasisi ya Wahandisi ya Zambia kufanya kazi ya uhandisi. Ila tapeli huja na karatasi safi. Kinachomtisha ni saa mbili za maswali.

Wengine watauliza wako wangapi. Wachache, naamini, na kwa hiyo gharama ni ndogo. Kigumu ni safari. Mtu wa Mantapala anahitaji ruhusa ili atoke makazini, kisha nauli ya basi mpaka Lusaka, mwendo wa siku nzima na zaidi. Watahini wawili wakishuka Nchelenge mara moja kwa mwaka, na ubao ukaazimwa katika shule yoyote ya pale, kazi inafanyika. Wawe na mkalimani, kwa sababu aliyesoma thamodinamiki kwa Kifaransa hajakosa thamodinamiki.

Sidai alama za huruma. Maswali yawe yaleyale wanayoulizwa Wazambia wenye vyeti kamili. Atakayeshindwa apewe nafasi ya pili kama wenzake, na ikimshinda hiyo pia, aambiwe wazi kwamba ameshindwa uhandisi.