Java imo, njia ndiyo haijulikani

Kijana wa Ariwara, wilayani Aru, anafungua lile dirisha jeusi la amri, anaandika «java», kompyuta inajibu kwamba haitambui neno hilo. Anafanya nini? Anarudi kununua mega, anapakua Java mara ya pili. Pesa bure! Kwangu mimi, walimu wa informatiki wana lawama yao: wanafundisha kuweka programu, hawafundishi njia.

Mara nyingi Java imo tayari, kinachokosa ni anwani. Kwenye Windows, JAVA_HOME, ambayo zana kama Maven huitafuta, ionyeshe folda ya JDK yenyewe, si bin iliyo ndani yake (kosa hili ninaliona kila mara). Bin inaongezwa kwenye PATH: %JAVA_HOME%\bin. Kisha funga dirisha, fungua jipya, maana la zamani linabaki na habari za zamani. «where java» itaonyesha kama kuna Java mbili. Ya kwanza kwenye PATH ndiyo inashinda.

Jambo si dogo. DHIS2, inayokusanya takwimu za vituo vya afya nchini Kongo, inaendeshwa na Java. Siku ikikwama, tutamwita fundi kutoka Kinshasa?